Bangi halali: leseni hutolewa kwa nani, na soko hubaki kwa nani?

Katika muda usiofika miaka kumi, nchi kadhaa za kusini na mashariki mwa Afrika zimeugeuza mmea uliokuwa ukichomwa moto na polisi kuwa zao linaloombewa leseni. Lesotho ilitangulia mwaka 2017. Zimbabwe ikafuata mwaka 2018. Bunge la Malawi lilipitisha sheria yake mwezi Februari 2020, na Oktoba mwaka huohuo baraza la mawaziri la Rwanda likaridhia kilimo cha bangi ya tiba kwa ajili ya kuuzwa nje. Zambia ilitunga sheria mbili mwaka 2021, moja ya bangi ya tiba na nyingine ya bangi ya viwandani. Nchini Uganda nako, wizara ya afya ilianza kupokea maombi ya wawekezaji kabla ya hapo.

Sababu zilizotolewa na serikali hizo zinafanana: fedha za kigeni, ajira vijijini, na zao jipya la kusaidia pale ambapo tumbaku, kahawa au chai zimeyumba. Hata hivyo, baada ya miaka hii yote, swali ambalo wakulima wadogo waliuliza tangu mwanzo halijapata jibu la kuridhisha. Ni nani anayeruhusiwa kulima, na ni nani anayetoka sokoni akiwa na faida?

Swali hilo lina uzito kwa sababu mmea huu si mgeni katika eneo hili. Waswahili huuita bangi, Waganda njaga, Wanyarwanda na Warundi urumogi, Wamalawi chamba na Wasotho matekoane. Ulilimwa na watu wa kawaida kwa vizazi kadhaa, mara nyingi katika maeneo ya milimani yasiyo na barabara, ambako gunia la mahindi halilipi gharama ya kulifikisha mjini. Watu hao ndio waliokamatwa, wakafungwa na kufyekewa mashamba. Sasa sheria imelegezwa, lakini mlango uliofunguliwa una upana wa mtu mwenye mtaji mkubwa.

Mlango na kizingiti chake

Uganda ni mfano ulio karibu. Masharti yaliyotangazwa mwaka 2019 kwa kampuni zilizotaka kulima na kuuza nje bangi ya tiba yalihitaji mtaji usiopungua dola milioni 5 za Marekani na dhamana ya benki ya shilingi bilioni 4 za Uganda. Hakuna kikundi cha wakulima wa Kasese au Masaka, hata kikichanga kwa miaka, kinachoweza kufika hapo. Mradi uliovuma zaidi, ule wa wilayani Kasese magharibi mwa nchi, ulianzishwa na kampuni iliyosajiliwa Uganda ikishirikiana na wawekezaji kutoka Israel.

Msingi wenyewe wa kisheria uliwahi kutikisika. Tarehe 5 Mei 2023 Mahakama ya Katiba ya Uganda iliifuta sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 kwa sababu bunge liliipitisha bila kuhakikisha kwamba idadi ya wabunge inayotakiwa ilikuwa imetimia. Waliofungua kesi hiyo walikuwa wakulima na wafanyabiashara wa mairungi wa Wakiso, waliokuwa wakitetea zao lao. Bunge lilipitisha sheria nyingine mwezi Agosti mwaka huohuo. Kilimo cha bangi bila idhini kimeendelea kuwa kosa, na ruhusa kwa ajili ya tiba iko mikononi mwa waziri anayehusika. Kwa mwekezaji mkubwa, kipindi hicho kilikuwa suala la kuuliza mawakili. Kwa mkulima wa mairungi, kilikuwa ukumbusho kwamba mmea unaweza kuhama kutoka upande mmoja wa sheria hadi mwingine ilhali shamba ni lilelile.

Rwanda ilichagua njia iliyo wazi zaidi na kali zaidi. Amri ya waziri ya Juni 2021 inaruhusu kilimo, usindikaji na usafirishaji nje wa bangi ya tiba. Matumizi ya starehe ndani ya nchi yamebaki marufuku, na sheria za dawa za kulevya zinaruhusu adhabu zinazofikia kifungo cha maisha kwa biashara haramu. Eneo la kilimo linatakiwa kuwa na uzio mara mbili, minara ya walinzi, taa na kamera za usalama. Shamba la namna hiyo linakaribia kufanana na ghala la benki kuliko bustani ya nyuma ya nyumba, na gharama zake ni hivyohivyo.

Zimbabwe, katika kanuni zake za mwaka 2018, ilipanga ada ya dola 50,000 kwa leseni ya kulima ya miaka mitano, mbali na malipo ya kila mwaka. Malawi ilitangaza ada ya dola 10,000 kwa mwaka kwa anayetaka kulima bangi ya tiba. Kiasi hicho kinaonekana kidogo kikilinganishwa na cha Zimbabwe. Lakini pato la wastani la Mmalawi kwa mwaka halifiki hata dola 1,000, kwa hiyo mkulima angehitaji mapato ya zaidi ya miaka kumi, bila kula wala kuvaa, ili alipie leseni ya mwaka mmoja.

Hapo ndipo kanuni na ushindani wa soko vinapokutana. Watu huzoea kufikiri kwamba ushindani huanza pale bidhaa inapopelekwa sokoni. Katika biashara ya bangi halali, huanza kabla mbegu haijapandwa. Ada ya leseni, dhamana ya benki na uzio mara mbili huamua mapema nani atashindana na nani atabaki mtazamaji. Atakayebaki mtazamaji ana njia tatu: kuacha zao hilo, kuajiriwa kama kibarua katika shamba la mwenye leseni, au kuendelea kulima kwa siri na kuhesabiwa kuwa mhalifu kama zamani.

Kwa nini masharti ni makali

Si haki kudai kwamba serikali ziliweka masharti hayo kwa kuwapendelea matajiri tu. Sehemu kubwa ya ukali huo inatokana na mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1961 kuhusu dawa za kulevya, ambao karibu nchi zote za eneo hili zimeuridhia. Mkataba huo haukatazi bangi kwa matumizi ya tiba na ya kisayansi. Unaitaka kila nchi inayoruhusu kilimo chake iwe na chombo cha serikali kinachotoa leseni, kinachopanga maeneo ya kulima, na kinachosimamia mavuno ili yasivuje kwenda kwenye soko haramu. Nchi hutakiwa pia kutoa makadirio ya kiasi kinachohitajika, na kila shehena inayovuka mpaka huhitaji kibali cha nchi inayouza na cha nchi inayonunua.

Mwezi Desemba 2020, kamisheni ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya ilipiga kura ya kuiondoa bangi katika orodha ya vitu vinavyodhibitiwa kwa ukali wa juu kabisa. Kura 27 ziliunga mkono, 25 zilipinga na mjumbe mmoja hakuegemea upande wowote. Uamuzi huo ulikiri kwamba mmea una manufaa ya tiba, lakini haukuondoa wajibu wa kuudhibiti. Serikali inayotoa leseni ovyo inaweza kujikuta ikihojiwa na vyombo vya kimataifa, na wanunuzi wa Ulaya hawatagusa bidhaa isiyo na nyaraka kamili.

Kwa hiyo udhibiti ni wa lazima. Lisilo la lazima ni namna mzigo wa udhibiti huo unavyogawanywa. Mkataba wa mwaka 1961 hautaji dola milioni 5. Hausemi kwamba kila mwenye leseni awe kampuni moja yenye shamba moja kubwa, wala haukatazi wakulima mia moja kuwa chini ya uzio mmoja na ulinzi mmoja. Hayo ni maamuzi ya nchi yenyewe, na nchi inaweza kuyabadili.

Soko lililoahidiwa

Wakati leseni za kwanza zilipotolewa, ahadi ilikuwa rahisi kueleweka. Ulaya ilikuwa imeanza kuruhusu bangi ya tiba, ardhi na nguvu kazi za Afrika ni nafuu, jua ni la bure, kwa hiyo mzalishaji wa Afrika angeshinda kwa bei. Hesabu hiyo ilisahau kwamba wengine nao walikuwa wanapiga hesabu.

Kanada ilihalalisha bangi kwa matumizi ya watu wazima tarehe 17 Oktoba 2018. Kampuni zake zilikuwa zimekusanya mabilioni ya dola katika masoko ya hisa na kujenga mabanda makubwa ya kisasa ya kulimia. Uzalishaji ukapita mahitaji ya nchi kwa kiasi kikubwa, bei ikaporomoka, na mamia ya tani za bangi isiyouzika zikaharibiwa. Baadhi ya kampuni zilifilisika. Zilizobaki zikatazama nje, na ziada ambayo ingetupwa ikatafutiwa wanunuzi Ulaya, Israel na Australia.

Ujerumani ndiyo soko linalotajwa na kila mwekezaji. Iliruhusu madaktari kuandika bangi ya tiba mwaka 2017, na sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2024 ilirahisisha zaidi upatikanaji wake. Uagizaji kutoka nje uliruka kutoka takriban tani 32 mwaka 2023 hadi zaidi ya tani 70 mwaka 2024. Takwimu hizo zinavutia, lakini ni muhimu kuangalia nani anayeuza. Karibu nusu ya shehena hiyo ilitoka Kanada, na Ureno, nchi mwanachama wa Umoja wa Ulaya, ilifuata. Soko lilipanuka, lakini nafasi hiyo mpya ilichukuliwa na wale waliokuwa tayari na maghala, maabara na hati.

Hati ndizo kizingiti cha pili. Ua la bangi linalouzwa katika duka la dawa la Berlin huhesabiwa kuwa dawa, si zao la shambani. Mzalishaji hana budi kuthibitisha kwamba ukaushaji, uhifadhi na ufungashaji wake unafuata viwango vya Ulaya vya utengenezaji wa dawa, na kila fungu lipimwe ukungu, viuatilifu, metali nzito na kiwango cha kemikali zake. Kampuni moja ya Lesotho, MG Health, ilipata uthibitisho huo mwaka 2021, jambo lililohesabiwa kuwa hatua kubwa kwa bara zima. Ilichukua miaka kadhaa na mtaji wa kutoka nje kufika hapo. Mzalishaji asiye na hati hiyo huuza malighafi kwa mwenye nayo, kwa bei anayopangiwa.

Lesotho yenyewe inaonyesha jinsi mtaji huo unavyoweza kuja na kuondoka. Mwaka 2018 kampuni kadhaa za Kanada zilinunua hisa katika kampuni za huko zenye leseni. Mojawapo ya kubwa kabisa duniani, Canopy Growth, ilinunua kampuni ya Lesotho mwaka huo kwa dola za Kanada zipatazo milioni 28.8. Mwezi Aprili 2020, bei zilipokuwa zimeshuka na wanahisa wakidai faida, ilitangaza kujiondoa Lesotho na Afrika Kusini. Leseni zilizonunuliwa wakati wa matumaini zilikuwa, kwa sehemu, bidhaa ya kuuzia hisa Toronto. Vijana wa vijijini walioahidiwa kazi hawakuwa na hisa za kuuza.

Israel nayo inatoa funzo linalogusa Uganda moja kwa moja, kwa kuwa wawekezaji wa Kasese walitazamia soko hilo. Mwezi Januari 2024 serikali ya Israel ilianza kuchunguza malalamiko kwamba bangi ya Kanada ilikuwa inauzwa nchini humo kwa bei ya kutupa, chini ya bei inayouzwa kwao. Novemba mwaka huo maofisa wa biashara walipendekeza ushuru wa hadi asilimia 165. Ushuru huo haukuanza kutozwa, kwa sababu wizara ya fedha iliukataa mwaka 2025. Wakulima wa Israel wana teknolojia, maabara na soko mlangoni mwao, na bado walilalamika kwamba hawawezi kushindana na ziada ya Kanada. Mzalishaji wa Afrika Mashariki aliye mbali na soko hilo, anayelipa nauli ya ndege na gharama za vibali, anaingia katika ushindani huohuo akiwa nyuma zaidi.

Bangi ya viwandani na mtego wa asilimia

Wengi waliokata tamaa na bangi ya tiba wamehamishia matumaini yao kwenye bangi ya viwandani, ambayo wengine huiita hempu. Ni jamii ileile ya mmea, ila huwa na kiwango kidogo sana cha kemikali ya THC inayolevya. Nyuzi zake hutengenezwa kamba, nguo, karatasi na vifaa vya ujenzi. Mbegu zake hukamuliwa mafuta na kuliwa. Mkataba wa mwaka 1961 unasema wazi kwamba masharti yake hayahusu kilimo cha bangi kwa ajili ya nyuzi na mbegu pekee. Kwa mantiki, hapa ndipo mkulima mdogo angepaswa kupata nafasi: hakuna haja ya minara ya walinzi katika shamba la kamba.

Tatizo ni mpaka unaotenganisha hempu na bangi. Marekani iliuweka kwenye asilimia 0.3 ya THC katika sheria yake ya kilimo ya mwaka 2018. Umoja wa Ulaya ulikuwa na asilimia 0.2 na ukaongeza hadi 0.3 kuanzia mwaka 2023. Uswisi inaruhusu chini ya asilimia 1. Tofauti hizo zinaonyesha kwamba namba yenyewe haikushuka kutoka mbinguni. Ni makubaliano ya watunga sheria. Lakini shambani ina nguvu ya hukumu. Kiwango cha THC hutegemea aina ya mbegu, hupanda kadiri ua linavyokomaa, na chavua ya mimea ya jirani inaweza kuharibu mbegu za msimu unaofuata. Mkulima aliyechelewa kuvuna kwa wiki moja kwa sababu ya mvua anaweza kukuta zao lake limevuka mstari. Huko Marekani, zao la namna hiyo lisiporekebishwa huharibiwa. Katika nchi ambako maabara ya kupima ni moja na iko mji mkuu, hatari hiyo ni kubwa mara nyingi zaidi.

Ili kuukwepa mtego huo, wenye leseni huagiza mbegu zilizothibitishwa kutoka Ulaya au Amerika. Mbegu hizo ni ghali, na nyingi zilizalishwa kwa ajili ya maeneo ambako mchana wa kiangazi ni mrefu. Zikipandwa karibu na ikweta, ambako mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima, huwahi kutoa maua zikiwa fupi na mavuno huwa haba. Mbegu za asili zilizozoea udongo na jua la Malawi au Uganda zinastawi vizuri, lakini zina THC nyingi mno kuhesabiwa kuwa hempu. Kwa hiyo urithi wa mkulima, yaani mbegu aliyoitunza kwa miaka, hauna thamani katika soko halali la zao hilo.

Bei nayo haina huruma. Baada ya sheria ya mwaka 2018, maelfu ya wakulima wa Marekani walikimbilia hempu kwa ajili ya CBD, kemikali isiyolevya inayouzwa kama mafuta na vidonge. Kati ya mwaka 2019 na 2020 bei ilianguka vibaya, na wengi walibaki na mavuno ghalani. Kisha Novemba 2025, sheria iliyomaliza kusimama kwa shughuli za serikali ya Marekani ilibadili tafsiri ya hempu na kuweka kikomo cha miligramu 0.4 za THC kwa kila chombo cha bidhaa, ili kuzuia bidhaa za kulevya zilizokuwa zikiuzwa kupitia mwanya wa sheria ya awali. Utekelezaji ulipangiwa mwaka mmoja baadaye. Kwa mstari mmoja wa sheria, sekta nzima ilijikuta ikihesabu siku. Mzalishaji wa Afrika anayetegemea mnunuzi wa ng'ambo anapaswa kukumbuka kwamba sheria inayomhusu haitungwi Kampala wala Lilongwe pekee.

Njia nyingine: Morocco

Kuna nchi moja ya Afrika iliyojaribu kuanzia upande wa mkulima. Morocco, ambayo milima yake ya Rif imelima bangi kwa karne kadhaa, ilitunga sheria mwaka 2021 inayoruhusu kilimo kwa ajili ya tiba, vipodozi na viwanda. Kilimo kiliruhusiwa mwanzoni katika mikoa mitatu ya Al Hoceima, Chefchaouen na Taounate, yaani kulekule kulikokuwa na kilimo haramu. Mkulima anatakiwa kuwa raia, awe mkazi wa eneo husika, na ajiunge na ushirika. Ushirika ndio unaouza kwa kampuni za usindikaji kwa mkataba, chini ya uangalizi wa wakala maalumu wa serikali.

Mavuno halali ya kwanza ya mwaka 2023 yalikuwa tani 294, kiasi kidogo yakilinganishwa na kilimo haramu kinachoendelea. Mwaka uliofuata mbegu ya asili ya huko, inayoitwa beldia, nayo ikapewa nafasi katika mfumo halali. Mwezi Agosti 2024, Mfalme Mohammed VI aliwasamehe zaidi ya watu 4,800 waliokuwa wamehukumiwa au kutafutwa kwa makosa ya kilimo cha bangi, ili waweze kujiunga na mfumo mpya.

Morocco haijamaliza matatizo. Malalamiko ya malipo kuchelewa na soko kuwa jembamba yapo, na ukaribu wake na Ulaya ni bahati ambayo Rwanda na Uganda hazina. Lakini inathibitisha jambo moja: udhibiti unaotakiwa na mkataba wa kimataifa unaweza kufanyika kupitia ushirika, na leseni inaweza kuwa ya kijiji badala ya kampuni. Eneo la Afrika Mashariki lina uzoefu mrefu wa vyama vya ushirika vya kahawa, pamba na chai, pamoja na makosa yake yote ya madeni na wizi. Uzoefu huo haujaguswa katika sheria za bangi.

Mpaka hausomi leseni ya jirani

Wakati Uganda na Rwanda zinatoa leseni, Kenya na Tanzania zimebaki na marufuku. Nchini Kenya, jumuiya ya Warastafari ilifungua kesi Mahakama Kuu mwaka 2021 ikitaka waumini wake waruhusiwe kutumia bangi katika ibada zao. Tanzania imeendelea na operesheni za kuteketeza mashamba, zinazoongozwa na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, katika mikoa kama Arusha, Morogoro na Mara.

Kwa watu wanaoishi na kufanya biashara mipakani, ambao wengi wao huelewana kwa Kiswahili, tofauti hiyo ya sheria si jambo la kusoma magazetini tu. Leseni ya nchi moja haimkingi mtu upande wa pili. Bidhaa halali ya Uganda au Rwanda haiuzwi sokoni. Husafirishwa kwa kibali maalumu, kwa shehena inayojulikana, kwenda kwa mnunuzi anayejulikana. Uvumi kwamba bangi imeruhusiwa umekuwa ukisambaa kila sheria mpya inapotangazwa, na anayeuamini akavuka na kifurushi, dereva wa lori au kijana wa bodaboda, hupambana na adhabu zilezile za zamani. Rwanda, kwa kuruhusu kilimo cha kuuza nje, haikupunguza adhabu ya anayekamatwa barabarani.

Yaliyo mikononi mwa nchi zenyewe

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Katika biashara hii, waliochumia juani ni wakulima waliobeba hatari ya jela kwa miaka mingi, na kivuli kimejengwa kwa ajili ya wengine. Hali hiyo haikusababishwa na mmea wala na mkataba wa kimataifa pekee. Ilitokana na namna leseni zilivyopangwa.

Nchi ndogo haiwezi kuizuia Kanada kuuza ziada yake, wala haiwezi kuipangia Ujerumani ni hati gani idai. Inaweza, hata hivyo, kupanga ada kulingana na ukubwa wa shamba, kuuruhusu ushirika kushika leseni moja, kujenga maabara ya umma inayopima kwa bei nafuu, kufanya utafiti wa mbegu za asili, na kutenganisha kwa sheria kilimo cha nyuzi na kile cha dawa. Inaweza pia kumlazimisha mwenye leseni kununua sehemu ya mavuno yake kwa wakulima wa eneo husika, kama ilivyozoeleka katika miwa na chai.

Mambo hayo hayahitaji kusubiri bei ya dunia ipande. Yanahitaji kuamuliwa kabla leseni zinazofuata hazijatolewa, kwa sababu mwenye leseni ya leo ndiye atakayekaa mezani kesho kujadili masharti ya wengine. Nchi zinazotafakari kuifuata njia hii, na zile zinazorekebisha kanuni zake, zina faida ambayo Lesotho haikuwa nayo mwaka 2017: zimeona jinsi fedha zilivyoingia kwa kishindo na kuondoka kimyakimya. Mkulima wa bondeni ameona pia, na ndiyo maana haulizi tena iwapo bangi itahalalishwa. Anauliza leseni itaandikwa jina la nani.